Tairi Kubwa, Uzito wa Nani?

Mara hii tunaandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekipanda: pikapu. Hasa tairi zake.

Huku tuliko pikapu ndiyo basi, ndiyo ambulensi, ndiyo lori la mahindi. Wengine wetu tuliijua pikapu mapema kuliko tulivyopaswa, na siku hizo haikuwa imebeba mahindi. Leo inatupeleka sokoni, inaleta dawa, inabeba mama mjamzito usiku. Na vijana kadhaa wa kikundi chetu wanajifunza ufundi wa magari, wanazishika hizo gari kila siku.

Sasa kuna ombi moja ambalo hurudi kila msimu wa mvua. Barabara ya muramu imegeuka uji, gari zinakwama, mwenye gari anakuja gereji na kusema: "Fundi, nifungie tairi kubwa." Ukilisikia unadhani ni kazi ya jeki na spana tu. Lakini tulipolifuatilia tumeona lina historia ndefu, iliyopita kwenye misitu ya Congo, jangwa la Misri, shamba moja Marekani na barafu ya Iceland. Na historia yote hiyo inasema neno moja: tairi ikikua, uzito unahama. Ama fundi auhamishie kwenye chuma kilichoandaliwa kuubeba, ama utahamia juu ya mtu, na mara nyingi mtu huyo siye aliyeshika usukani.

MPIRA ULITOKA KWETU

Tuanze mwanzo kabisa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi ya kujaza upepo. Ilikuwa ya baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, wakaingiza gari lenye tairi za upepo kwenye mashindano ya kutoka Paris kwenda Bordeaux na kurudi. Tairi zilipasuka mara nyingi njiani, lakini watu walishaona: gari likikanyaga juu ya upepo, safari inakuwa laini.

Laini kwa nani? Hapo ndipo historia inatugusa. Baiskeli na magari ya Ulaya na Marekani yalitaka mpira mwingi, na mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mpira wa haraka ulikuwa kwenye mitambaazi ya porini, na misitu ya Congo ilikuwa imejaa mitambaazi hiyo. Nchi hiyo, tangu 1885, ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Kijiji kilipangiwa kilo za kuleta. Mwanamume aliingia msituni siku nyingi kukata mitambaazi na kukusanya utomvu, na wake zao walishikwa mateka mpaka kilo zitimie. Zisipotimia, askari walichoma nyumba, waliua, na mikono ya watu ilikatwa. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliweka mambo hayo wazi, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi, ikawa koloni la Ubelgiji.

Hatuandiki haya ili tulie juu ya tairi. Tunayaandika kwa sababu yanaonyesha tabia ya kitu chenyewe. Aliyekaa juu ya tairi alipata raha, na mwingine aliyekuwa mbali, asiyeulizwa, akabeba uzito. Tabia hiyo haikuisha mwaka 1908. Imebadilisha sura tu.

JANGWANI: UPANA NA UPEPO

Miaka ya 1920 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alikuwa Misri. Siku za mapumziko yeye na rafiki zake walichukua magari madogo ya Ford, ya aina ya T na baadaye A, wakaingia nayo katika jangwa la Libya, mahali ambapo watu walisema gari haliwezi kupita. Walikwama. Wakachimba. Wakakwama tena. Katika kukwama huko wakajifunza jambo ambalo dereva yeyote wa huku anapaswa kulijua.

Walijifunza kwamba kwenye mchanga tatizo si nguvu ya injini. Tatizo ni kwamba uzito wa gari umekaa juu ya kipande kidogo cha ardhi. Punguza upepo, tairi inalala, alama yake chini inakuwa ndefu, uzito unagawanyika, gari inaelea badala ya kuzama. Ukirudi kwenye ardhi ngumu, jaza upepo tena. Usipojaza, tairi inajikunja kila inapozunguka, inapata joto, na joto ndilo linaloua tairi.

Vita ilipofika Afrika Kaskazini, mwaka 1940, Bagnold alianzisha kikosi cha kusafiri mbali jangwani, Long Range Desert Group. Wengi wa watu wake wa kwanza walitoka New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea mashine. Walichukua malori madogo ya Chevrolet ya kiraia, wakayafunga tairi pana za mchanga. Lakini hawakuishia kwenye tairi. Waliongeza majani kwenye springi, kwa sababu mzigo wa maji, petroli na chakula ulizidi kile ambacho gari lilitengenezwa kubeba. Waling'oa milango na vioo vya mbele ili kupunguza uzito. Walibeba mabati ya kuweka chini ya tairi gari likikwama.

Tazameni mpangilio wao. Tairi pana, ndiyo. Pamoja nayo springi imara, uzito uliopunguzwa, na upepo unaobadilishwa kulingana na ardhi. Watu hawa walikuwa mamia ya kilomita kutoka kwa fundi yeyote. Ekseli ikikatika huko, hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo walifikiri kabla ya kufunga.

MISSOURI: KILA TAIRI ILIVUNJA KITU

Pikapu tunayoijua sisi zaidi, Toyota Hilux, ilitoka mwaka 1968. Ilikuwa fupi, nyepesi, inavuta kwa nyuma tu. Mwaka 1979 ikaja ile yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na hapo ndipo ilianza kuwa gari ya milimani, ya mashambani, ya mashirika na ya majeshi. Mwaka 1984 Land Cruiser za namba 70 nazo zikaingia, zile nyeupe ambazo mtoto wa kambini anazitambua kwa mlio kabla hajaziona.

Miaka hiyohiyo huko Marekani watu walikuwa na jambo lao. Pikapu ilikuwa imeacha kuwa gari ya kazi tu, imekuwa gari ya kujionyesha. Karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, alikuwepo mtu anaitwa Bob Chandler, mwenye duka la vifaa vya magari ya kuvuta kwa magurudumu yote. Alikuwa na Ford F-250 ya mwaka 1974. Aliifungia tairi kubwa zaidi. Ikavunjika kitu. Akafunga kilichovunjika kwa kitu imara zaidi, kisha akaongeza tairi tena. Ikavunjika tena.

Chandler alikuwa mkaidi, lakini alikuwa na akili ya fundi. Alielewa kwamba ekseli ya F-250 imepimwa kwa tairi ya F-250. Ukiweka tairi ndefu, ni kama umeongeza urefu wa mpini wa spana: nguvu ya kukata chuma inaongezeka ingawa injini ni ileile. Mwishowe akaweka ekseli za malori ya jeshi. Mwaka 1981 alipita na gari hiyo, jina lake Bigfoot, juu ya magari mawili mabovu shambani, yakasagika. Baadaye akafikia tairi za inchi 66. Hiyo ni karibu mita 1 na sentimita 68. Wengi wetu tukisimama kando yake, tairi inatupita kichwa.

Watu waliona tairi. Hawakuona ekseli za jeshi chini yake. Ndiyo sababu baada ya hapo vijana wengi Marekani walinyanyua pikapu zao na kufunga tairi kubwa juu ya breki zilezile, ekseli zilezile na usukani uleule. Bampa ya pikapu iliyonyanyuliwa, ikigonga gari ndogo, haikutani na bampa mwenzake. Inakutana na mlango, na kichwa cha aliye ndani. Leo majimbo mengi ya huko yana sheria za kikomo cha kimo. Unaona tena: mwenye tairi yuko salama juu, uzito umemwangukia mwingine.

ICELAND: WALIOBADILISHA GARI NZIMA

Kuna watu waliofanya tofauti. Iceland ni kisiwa cha kaskazini, chenye mito isiyo na madaraja na milima ya barafu. Wenyeji walitaka kuvuka theluji kwa magari. Miaka ya 1980 waligundua tena kile ambacho Bagnold alikijua mchangani: tairi pana, upepo mdogo. Kwenye theluji laini wanashusha upepo mpaka psi 3 hivi, wakati gari ya kawaida barabarani inatembea na psi 30 na kitu. Tairi inalala kama godoro na gari inatembea juu ya theluji ambayo mtu kwa miguu angezama.

Mwaka 1983 wapenzi wa magari hayo waliunda klabu yao, na mwaka 1990 ikaanza Arctic Trucks, kazi iliyozaliwa ndani ya kampuni iliyokuwa ikiuza Toyota nchini humo. Hilux wanayoibadilisha inapewa tairi za inchi 38, wakati ya kiwandani ina kama 30. Lakini hebu angalia orodha ya kazi nyingine. Madigadi yanakatwa na kupanuliwa ili tairi isiguse bodi wakati wa kukata kona. Gia za ndani ya difu zinabadilishwa, ili injini isiteseke na breki ya injini kwenye mteremko isipotee. Shokapu na springi zinabadilishwa. Spidomita inarekebishwa, maana tairi kubwa inafanya ile ya zamani idanganye. Kisha gari iliyobadilishwa inapelekwa kukaguliwa upya kabla ya kurudi barabarani.

Mwaka 2007 Hilux za namna hiyo zilifika mahali ambapo ncha ya kaskazini ya sumaku ilikuwa imepimwa mwaka 1996, na dunia nzima iliona kwenye televisheni. Ni ile gari tunayoita ya mahindi. Kilichoifikisha si tairi peke yake. Ni kwamba kila kitu kilichoguswa na tairi kilifanyiwa kazi.

MWAKA 2000: SOMO LA UPEPO

Sura nyingine haina jangwa wala barafu. Ina barabara nzuri za lami. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha tairi milioni 6 na nusu nchini Marekani. Nyingi zilikuwa kwenye Ford Explorer, gari lililozaliwa kutoka kwenye pikapu ya Ranger, na nyingine kwenye Ranger zenyewe.

Tatizo lilikuwa hivi: gari likiwa mbio, siku ya joto, mkanda wa nje wenye meno unabanduka kutoka kwenye tairi. Dereva anashtuka, anavuta usukani, gari lenye kimo kirefu linapinduka. Serikali ya Marekani ilihesabu vifo 271 nchini humo vilivyohusishwa na tairi hizo. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26 ili gari litulie, Firestone ikasema psi 30 ingekuwa bora. Uchunguzi wa serikali ulikuta kasoro kwenye tairi zenyewe, na joto, mzigo na upepo mdogo vilizidisha hatari.

Mwishoni mwa mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya, na kutokana nayo magari mapya ya huko leo yana taa ya kumwonya dereva upepo ukipungua. Kwa hiyo ukiona kwenye dashibodi alama ya njano kama kiatu cha farasi yenye alama ya mshangao katikati, kuna watu 271 nyuma yake. Usiizibe kwa kibandiko.

Somo lenyewe ni dogo na kubwa. Tairi si raba tu, ni chombo cha kubeba upepo, na upepo ndio unaobeba gari. Namba tofauti kidogo kwenye geji ya upepo inaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika.

HESABU YA LEO, GEREJI YA LEO

Sasa turudi kwa mwenye gari wetu. Ana Hilux yenye tairi zilizoandikwa 265/65R17. Anataka 285/70R17. Fundi asikimbilie jeki. Achukue kalamu.

265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi, radiali, ambayo Michelin ilianza kuitengeneza miaka ya 1940. 17 ni inchi za rimu. Ubavu mara mbili ukijumlisha rimu, tairi hii ina kimo cha milimita 776. Ile anayoitaka ina milimita 831. Tofauti ni milimita 55, asilimia 7.

Maana yake nini? Kwanza, gari itanyanyuka nusu ya tofauti hiyo tu, kama sentimita 2 na robo tatu. Hicho ndicho anachonunua. Pili, gari itatembea kilomita 107 kwa saa wakati spidomita iliyosoma sawa mwanzo bado inamwambia 100. Tatu, nguvu ya injini ardhini imepungua, na breki zina kazi zaidi, kwa sababu zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi kwa diski zilezile. Nne, upana umeongezeka, kwa hiyo ukikata usukani mpaka mwisho tairi inaweza kukwaruza madigadi au mkono wa suspensheni. Jaribu gari ikiwa imesimama, kisha jaribu gurudumu moja likiwa limepanda kwenye jiwe. Kwenye mashimo ndipo springi inapojikunja na tairi kugusa.

Baada ya kimo, soma mzigo. Pembeni kuna maandishi kama 112S. 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake sahihi. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Tairi mpya isiwe na namba ya mzigo ndogo kuliko ya kiwandani. Na ikiwa tairi ni ya aina ya LT, ile ngumu ya malori madogo, inahitaji upepo mwingi zaidi ili ibebe uzito uleule. Usiijaze kwa mazoea ya tairi ya zamani.

Halafu rimu. Hilux ya 4x4 ina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Ford Ranger nayo ni hivyohivyo. Basi watu wanasema rimu zinaingiliana. Sivyo. Tundu la katikati la rimu ya Ranger ni milimita 93, habu ya Hilux inataka 106. Haiingii. Na ukifunga rimu ya Hilux kwenye Ranger, nati zitaingia vizuri lakini katikati itacheza, uzito wote utaning'inia kwenye stadi. Nati pia zina sura: za rimu ya chuma mara nyingi ni za koni, za rimu ya aloi za Toyota mara nyingi zina washa bapa. Ukizichanganya, nati inaonekana imekaza kumbe imeshika hewa. Spesa za bei rahisi za kusogeza rimu nje tunashauri mziache kabisa. Zinaongeza mzigo kwenye beringi na kwenye stadi.

Kaza nati kwa mfumo wa nyota, si kwa kuzunguka, na kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 mpaka 100 ikaze tena. Hiyo ya pili ndiyo watu wanayoisahau.

Tairi za mitumba: tafuta herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na raba imeshazeeka. Angalia nyufa ubavuni, angalia uvimbe, ingiza mkono ndani usikie kama kuna viraka vikubwa.

Na usifunge mbili kubwa nyuma, mbili za zamani mbele, eti pesa imeisha. Gari yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne ikiingizwa gia ya 4x4 huku tairi hazilingani, mbele na nyuma zinavutana kwa chuma kwa chuma mpaka kitu kikatike. Zifungwe nne, au zisifungwe. Tairi ya spea pia ilingane, na hakikisha inaingia mahali pake chini ya bodi.

Mwishowe mwambie mwenye gari kwamba mara nyingi hahitaji tairi kubwa. Anahitaji tairi za kimo kilekile zenye meno ya matope, geji ya upepo, na pampu. Apunguze upepo kidogo kwenye tope, aende polepole, aujaze tena akifika barabara ngumu. Hiyo ndiyo elimu ya Bagnold, na gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja. Pia aulize bima yake kama gari iliyobadilishwa bado inalindwa, kabla ya ajali, si baada.

WALIO NYUMA

Tumeacha hesabu moja makusudi. Watu 12 wenye kilo 60 kila mmoja ni kilo 720. Ongeza magunia 4 ya kilo 100. Jumla ni kilo 1,120. Hilux nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, dereva na mafuta wakiwemo au wasiwemo kulingana na kitabu chake. Hiyo gari imeshazidi.

Sasa mwenye gari ameona tairi kubwa, amesema, "Imekuwa lori." Hapana. Tairi haiongezi tani. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Kilichoongezeka ni kimo, na juu ya kimo hicho wamesimama watu wameshika bomba. Kwenye kona, gari iliyonyanyuliwa na kupakiwa juu inapinduka mapema. Dereva ana mkanda. Walio nyuma wana mikono yao.

Kwa hiyo tunasema na mafundi wenzetu: una haki ya kukataa kazi. Mwenye gari akikwambia funga tu, maneno mengi ya nini, mwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Akikataa hesabu, mwache aende. Sisi wenye vibali vya kuhesabika, tusio na mtaji, tunaogopa kumpoteza mteja, tunajua. Lakini aliyepanda nyuma anaweza kuwa mama yako anayetoka sokoni.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnaokodi pikapu za watu binafsi kupeleka chakula na watu: kabla ya kusaini, inama uangalie tairi. Soma namba ya mzigo, soma mwaka, ulize nani alizifunga na kama breki ziliguswa. Dakika tano zinatosha. Na mkiwa na nafasi ya kozi ya ufundi, wekeni ndani yake spana ya kipimo na geji nzuri ya upepo, si cheti peke yake.

Babu zetu wa misitu ya Congo hawakuulizwa kabla ya uzito wa tairi kuwekwa juu yao. Abiria wa nyuma ya pikapu naye haulizwi. Fundi mwenye kalamu ndiye pekee anayeweza kuuliza kwa niaba yake, gari ikiwa bado iko juu ya jeki.